Baraza Lililoinama

Watu husafiri kutafuta mali, elimu au mchumba. Somoe binti Chande alisafiri kutafuta mgongo. Wa kwake alikuwa nao, tena mpana, ila ulikuwa umegoma kunyooka. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke mnene wa haja, na kwa muda mrefu sasa alikuwa akiandika kwenye nusu ya chini tu ya ubao, kwa kuwa kiuno kilichoinama hakiupeleki mkono juu. Wanafunzi wake walikuwa wamezoea. Waliona kwamba hesabu ni jambo linaloishi chini ya ubao, na kuzoea kwao kulimuuma mwalimu wao kuliko maumivu yenyewe.

Halafu lilikuja jambo lililomtisha zaidi. Mguu wake wa kulia ulianza kufa ganzi. Ndara ilimvuka njiani naye asijue, mpaka mpita njia amwite, "Mama, kiatu chako." Daktari wa kwao alimweleza kwamba diski ya uti wa mgongo imetoka mahali pake na kuubana mshipa wa fahamu, na kwamba ukiendelea kubanwa hivyo, mguu hautarudi tena. Kisha akamtazama kuanzia utosini hadi nyayoni, akasema yale ambayo Somoe alikwisha kuyasikia kwa madaktari wote wa huko: "Punguza uzito kwanza, ndipo uje."

Mumewe, Badi, alikuwa mtu mwembamba aliyekula sahani mbili pale mkewe alipokula moja, na hakuna daktari aliyepata kumuuliza amekula nini. Ndiye aliyezisikia habari za nchi ya Upenyo, na ndiye aliyempeleka. Walivyofika si jambo la kuwachosha wasomaji, walifika.

Upenyo ni nchi ya watu wanaoheshimu kuta. Sheria yao ya kwanza inasema kwamba anayeingia mahali kutengeneza kitu aingie kwa tundu dogo kuliko yote yanayotosha, na akitoka alizibe. Bomba likipasuka ukutani, fundi wa kwetu hubomoa ukuta mzima, kisha akakuuliza saruji iko wapi. Fundi wa Upenyo hutoboa tundu la kidole, akapitisha kioo na koleo jembamba, akamaliza, akaziba, akapaka chokaa, na mwenye nyumba akabaki anapapasa asipaone palipotobolewa. Hata mwizi aliyeingia kwa upenyo mdogo hupunguziwa kifungo, na hapo kwa kweli wamezidisha. Mawaziri nao hutoa hotuba wakiwa nyuma ya ukuta wenye tundu la ukubwa wa yai, wasikilizaji wakiwa upande wa pili, na anayepayuka hutiwa kizibo. Badi aliposhuhudia waziri akitiwa kizibo alicheka mpaka akakaa chini. Alitaka wahamie huko siku ileile.

Sheria ya pili ni ngumu zaidi. Kwetu sisi, maneno "kitanda usichokilalia hujui kunguni wake" ni methali, tunaiandika kwenye kanga na kuivaa. Kule Upenyo ni kifungu cha sheria. Mtu haruhusiwi kusema neno barazani juu ya shida ya mwenzake mpaka awe katika hali ya yule mwenye shida. Bajeti ya chakula hujadiliwa na watu waliolala na njaa. Habari za magereza hujadiliwa kutoka ndani ya selo, mlango ukiwa umefungwa. Na akishaingia katika hali hiyo, mjumbe hatoki mpaka shauri liishe. Ndiyo maana katika nchi nzima hakuna mswada hata mmoja uliopata kulala kwenye meza ya mtu.

Daktari aliyempokea Somoe aliitwa Mwanamvua, mwanamke mrefu mwenye mikono mitulivu. Alimpima mguu, akamgusa hapa na pale kwa sindano butu, akampeleka kwenye mashine ya picha, kisha akaiweka picha mbele ya taa ili wote waione.

"Hii hapa ndiyo diski, dada, na huu ndio mshipa unaolia," alisema. "Nitatoboa pembeni kidogo ya uti wa mgongo, tundu la kuingia kidole. Nitapitisha kijiti chembamba, juu yake kinene kidogo, juu yake kinene zaidi, misuli ijisogeze yenyewe bila kukatwa. Mwisho napitisha mwanzi. Ndani ya mwanzi ndimo nitakamofanyia kazi."

"Na unene wangu?" aliuliza Somoe. Alikuwa ameshajiandaa kwa jibu.

"Unene wako upo," alisema daktari. "Nimeuona. Sukari na moyo wako nitavichunguza, kwa sababu usingizi wa dawa hautaki mzaha. Lakini shida yangu si wewe. Shida yangu ni mwanzi."

Akautoa. Ulikuwa wa chuma kinachong'aa, ingawa watu wa kule bado wanauita mwanzi kwa heshima ya ule wa kwanza. Akauweka juu ya picha, mdomo mmoja kwenye ngozi. Mdomo wa pili uliishia kwenye mafuta, mbali na mfupa.

"Sasa si muurefushe?" alisema Badi.

Daktari akatabasamu bila furaha. "Shemeji, hapo ndipo penye kazi."

Urefu wa mwanzi, alieleza, uliwekwa na Muasisi wa utabibu wa nchi hiyo, naye aliupima kwa shubiri ya mkono wake. Shubiri hiyo ikawa sheria. Mwanzi wake unakaa kwenye sanduku la kioo, na kuna ofisa mkubwa, Mkuu wa Vipimo, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna mwanzi mrefu wala mfupi kuliko ule. Wagonjwa wanene waliotangulia walirudishwa makwao kimyakimya, maana kila daktari aliona haya kuwa wa kwanza kulalamikia shubiri ya Muasisi. Mwanamvua alikuwa amechoka kuona haya. Alitaka shauri la Somoe liende barazani.

"Na wakikataa?" aliuliza Somoe.

"Wakikataa, mguu huo sitaweza kuuokoa," alisema daktari, na hakuyalainisha maneno.

Asubuhi iliyofuata alikuja Karani wa Maumbo, Bwana Tambaza, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Hakubeba kalamu wala karatasi.

"Dada, nimekuja unifundishe," alisema.

"Nikufundishe nini?"

"Namna unavyosimama."

Somoe alidhani anadhihakiwa, akataka kumfukuza. Kumbe hiyo ndiyo kazi ya Karani wa Maumbo: kujifunza hali ya mgonjwa kwa mwili wake mwenyewe, kisha kwenda kuwafundisha wajumbe. Basi Somoe akasimama mbele yake, magoti yamekunjika, mkono mmoja pajani, uzito wote kwenye mguu wa kushoto, macho chini. Tambaza akaiga. Na Somoe, ualimu ukiwa umo damuni, akaanza kumsahihisha.

"Hapana. Chini kidogo. Na mguu wa kulia usiuamini."

"Nisiuamini vipi?"

"Kama mtu aliyekwisha kukudanganya mara moja."

Karani akajaribu tena, na safari hii jasho likamtoka. Akauliza analalaje, akaambiwa kwa ubavu, mto katikati ya magoti. Akauliza ikija chafya inakuwaje. Mwisho akauliza, "Na watu wakikutazama?"

Somoe akauliza, "Hilo nalo mnalibeba?"

"Hilo hatujapata namna ya kuwafundisha wajumbe," alijibu Tambaza, na alionekana kuliona hilo kuwa ni upungufu wa ofisi yake. Somoe alimpenda mtu huyo kutoka moyoni.

Baraza la Upenyo ni ukumbi wa duara usio na viti, isipokuwa kimoja chenye mito, na hicho ni cha mgonjwa. Somoe akaketishwa, Badi akasimama nyuma yake. Wajumbe wakaingia. Wembamba walifungwa mifuko ya mchanga tumboni, wanene wakaachwa na baraka zao, na Bwana Tambaza akapita kwa kila mmoja akimrekebisha goti na kiuno, mpaka wote wakawa wameinama, mikono mapajani, miguu ya kulia wameinyima imani. Kwa mara ya kwanza tangu augue, Somoe aliketi katika chumba kilichojaa watu waliosimama kama yeye. Hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili kidogo kidogo.

"Shauri lifunguliwe," alisema Spika, Bi Zuwena, akiiambia sakafu.

Wa kwanza kusema alikuwa Mkuu wa Vipimo, Bwana Shekue, mtu safi, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na mkongojo mzuri wa mpingo. Tambaza akauchukua ule mkongojo kwa upole. "Mgonjwa hana," alisema.

"Waheshimiwa," alianza Shekue, "mwanzi huu una shubiri moja. Umewaponya babu zetu na haukupata kupungua. Kwa hiyo ukionekana umepungua leo, haukupungua mwanzi. Amezidi mgonjwa."

Wajumbe wakaguna kukubali, maana ilisikika vizuri. Mambo mengi husikika vizuri mwanzoni mwa kuinama.

Mjumbe mmoja wa upande wa mashariki akapendekeza njia nyingine: mwanzi ubaki ulivyo, ila tundu lipanuliwe mpaka mwanzi uzame. Ukumbi ukashtuka. Kupanua tundu! Watu wa Upenyo walilisikia neno hilo kama tusi, na ilibidi Bi Zuwena agonge sakafu kwa kisigino cha mguu alioruhusiwa kuuamini.

Daktari Mwanamvua akasema, naye ameinama. "Mheshimiwa, mgongo mnene ukiupasua kwa mapana, unafungua jeraha refu kwenye mafuta, na mafuta hupona kwa uvivu. Jeraha huoza. Misuli uliyoivuta kwa nguvu haikusamehe. Mnene ndiye anayehitaji upenyo mdogo kuliko sisi sote. Na upana wa tundu haubadiliki kwa unene wa mtu. Kinachobadilika ni kina. Kisima kikiwa na kina kirefu, hatupanui mdomo wake. Tunarefusha kamba."

"Kamba ndefu hutikisika," alijibu Shekue haraka. "Mkono utakuwa mbali na kazi. Taa haitafika."

"Kweli tupu," alisema daktari. "Nitakwenda polepole kuliko kawaida yangu. Taa tutaipitisha ndani ya mwanzi wenyewe. Sisemi ni rahisi, Mkuu. Nasema inawezekana."

"Muasisi alijua alilolifanya!"

"Muasisi aliupima mwanzi wake mwaka wa njaa kuu. Kila mgonjwa wake alikuwa ngozi na mifupa. Basi tuwaambie wagonjwa wetu wangoje mpaka njaa irudi?"

Kicheko kilipita, lakini kilikuwa kicheko cha watu wanaoumwa. Muda ulikuwa unakwenda. Mifuko ya mchanga ilivuta chini, jasho lilidondoka, na wajumbe walianza kubadili mguu, Tambaza akawarudisha. Shekue peke yake hakutikisika. Lazima tumpe haki yake: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa kitu kimoja kwa muda mrefu mno.

"Nasema neno moja la mwisho," alisema. "Simchukii mama huyu. Apungue kwanza, afike kwenye mwanzi, nasi tutampokea kwa mikono miwili. Atembee asubuhi na jioni. Kutembea kunapunguza."

Mgonjwa anaruhusiwa kujibu. Somoe hakuinua sauti.

"Nitembee kwa mguu upi, baba?" aliuliza.

Badi alishindwa kujizuia. "Mimi nakula mara mbili yake!" alipayuka. "Mara mbili! Muulizeni!" Angekuwa waziri, angetiwa kizibo.

Shekue alitaka kumgeukia. Akauvuta mguu wa kulia, ukakokoteka tu. Alipiga hatua moja, mbili, akasimama.

"Mheshimiwa," alisema Tambaza kwa sauti yake ya chini, "kiatu chako."

Mkuu wa Vipimo akatazama. Kiatu chake kilikuwa kimebaki nyuma, naye alikuwa pekupeku kwenye sakafu baridi bila habari. Aliutazama mguu ule kama wa mtu mwingine. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Ndivyo ilivyo, mama?"

"Ndivyo. Ila wako utarudi ukinyooka."

Shekue aliinama vilevile kwa kitambo. Kisha akasema, "Mwanzi urefushwe," na Bi Zuwena alipouliza kama yupo anayepinga, hapakuwa na aliyepinga, na yule mjumbe wa mashariki aliomba tu ifanyike upesi.

Hapa ndipo mimi ninapowavulia kofia watu wa Upenyo. Kwingine Mkuu wa Vipimo angejiuzulu kwa hasira, au angeunda kamati. Shekue aliokota kiatu chake akaenda moja kwa moja karakana, bado ameinama, maana sheria haimruhusu mjumbe kunyooka kabla ya mgonjwa. Alisimamia kuchongwa kwa mwanzi mpya mwenyewe. Mdomo ulikuwa na upana uleule wa Muasisi. Urefu ulikuwa shubiri moja na vidole vinne. Aliuleta hospitali kwa mikono yake, akamkabidhi daktari bila hotuba.

Somoe akalazwa kifudifudi kwenye kitanda cha kule, ambacho kimeachwa wazi katikati ili tumbo lining'inie kwa raha zake na lisiikandamize mishipa ya damu. Hakuwahi kulala juu ya kitu kilichotengenezwa kwa kulifikiria tumbo lake, si kwa kulilaumu. Hilo ndilo alilokuwa akiliwaza dawa ilipomchukua.

Mwanamvua alifanya kazi kama alivyoahidi, polepole. Kijiti juu ya kijiti, kisha mwanzi ukashuka, ukapita mafuta, ukapita misuli iliyojisogeza, ukagusa mfupa. Taa ikawaka kule chini. Akakwangua kipande kidogo cha mfupa, akauona mshipa umebanwa kwenye ukuta wa mfupa, mwekundu, umevimba. Akakinyofoa kipande cha diski kilichoubana, nacho hakikuzidi punje ya mahindi. Mshipa ukalegea. Akatoa mwanzi, misuli ikarudiana, akashona mishono michache.

Asubuhi Badi aliukuta mgongo wa mkewe una plasta ndogo kama ya kufunika kidole kilichochomwa na sindano. Aliigusa pembeni. "Mke wangu, wamekuibia," alisema. "Hapa hawakuingia." Kisha akalia hadharani, mtu mzima, bila kujificha.

Nje uani wajumbe wote walikuwa wanangoja. Usiku walikuwa wamelala kwa ubavu, mto katikati ya magoti, na kuamka wameinama. Ndani, Somoe alishika bega la Karani wa Maumbo, akaweka mguu wa kushoto chini, akaweka wa kulia. Alihisi ubaridi wa sakafu. Alihisi chembe za mchanga chini ya unyayo. Akasimama, akanyooka, akaendelea kunyooka, mpaka akayaona madirisha ya juu ya ukuta ambayo hakujua kwamba yapo. Uani, migongo ya baraza zima ikalia ko, ko, ko, na watu wazima wakapiga vigelegele.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na Somoe angependa iishie hapo. Lakini kule Upenyo aliyepona hutakiwa kukaa baraza moja kabla ya kwenda kwao, katika shauri la mgonjwa anayemfuata. Ni heshima kubwa. Alipata nafuu, akavaa kanga mpya, akaingia ukumbini kwa miguu yake, kichwa juu, akifurahia kila hatua.

Mgonjwa wa siku hiyo aliitwa Sudi. Hakuweza kukaa hata kwenye kiti chenye mito, kwa hiyo aliletwa juu ya mkeka, chali, shingo imefungwa mbao. Alianguka kutoka darini akiwa amelewa tembo. Haikuwa mara ya kwanza, na harufu ilikuwa bado haijamtoka. Mikono yake ilikuwa inakufa ganzi. Daktari Mwanamvua alitaka kuingia shingoni kwa upenyo, kabla haijawa hasara.

Somoe alimtazama mtu yule kutoka juu. Alimtazama kuanzia utosini hadi nyayoni. Alisikia hasira safi ikimpanda kifuani, hasira ya mtu mwenye haki. Yeye maradhi yalimjia. Huyu aliyafuata kilabuni na kuyalipia. Akafungua kinywa.

"Huyu aache tembo kwanza," alisema, "ndipo..."

"Dada," alisema Bwana Tambaza. "Chini kwanza."

Wajumbe walikuwa tayari wamelala chali sakafuni, Shekue na kanzu yake ya pasi akiwa katikati yao. Somoe alishuka taratibu, goti moja, la pili, akalaza mgongo wake uliopona kwenye sakafu. Karani akamwekea ubao kila upande wa shingo. Hakuweza kugeuka. Aliona dari tu, na pembeni mwa macho yake nyuso za waliosimama mlangoni, kubwa, zikimtazama kutoka juu. Karibu na sikio lake Sudi alikuwa anapumua kwa shida, na kati ya pumzi na pumzi alikuwa anajaribu kukunja vidole vyake, vikikataa.

Aibu ilimjaa Somoe mpaka machozi yakamtiririkia masikioni, na hakuwa na namna ya kuyafuta.

"Bi Somoe," ilisema sauti ya Spika kutoka mahali fulani sakafuni, "ulikuwa umeanza kusema."

"Futeni," alisema Somoe. "Nilikuwa bado nimesimama."